Mstari wa Tisa

Miaka ile kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia Moshi kwa makasha, kila fundi wa Kiboriloni alikuwa na sifa yake. Mmoja alisifika kwa kufufua mashine zilizokata roho, mwingine kwa kukuuzia kifaa alichokichomoa kwenye mashine yako mwenyewe. Rogath alisifika kwa usafi. Ukimpelekea kompyuta katika kile chumba chake nyuma ya soko, hakuanza kwa kuuliza inaumwa nini. Alishika mausi, akabofya kitufe cha kulia, akaitazama ile orodha ya maneno inayochomoza, kisha akaguna kama mama mkwe aliyeonyeshwa jiko chafu.

Orodha hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Mashine zilikuwa zimetumika Ulaya miaka mitano, sita, na kila programu iliyopita humo iliacha mstari wake: huu wa kupiga muziki, huu wa kukagua virusi, huu wa kutuma kazi kwenye printa iliyobaki Ujerumani. Programu nyingine zilikwisha kuondolewa zamani, mistari yake ikabaki. Ukiubofya mmoja, mashine inaganda na kukutolea macho. Rogath aliingia kwenye daftari la ndani la mashine, mahali ambapo mafundi wenzake waliogopa kugusa, akaing'oa mmoja baada ya mwingine. Baada ya hapo orodha ilibaki fupi na mashine ikawa nyepesi. Watu waliiita kazi hiyo kupiga deki, na waliopigiwa deki walirudi wakiwaleta ndugu zao.

Alikuwa na kasoro moja, na miaka yote hiyo hakujua kuwa ni kasoro. Hakuuliza. Mstari asioujua kazi yake aliuhesabu kuwa uchafu, na mstari alioujua lakini akauona hauna maana aliuhesabu kuwa uchafu pia. Nani angemkosoa? Hakuna mteja aliyewahi kurudi akilia kwamba amepotewa na mstari.

Desemba ya mwaka 2004, juma la kwanza la Majilio, aliitwa Mkuu, Rombo, nyumbani kwa Mwalimu Margareta. Huyu ndiye aliyemfundisha Rogath darasa la kwanza. Sasa alikuwa mstaafu na mjane, macho yote mawili yameingia mtoto wa jicho, lakini vidole vyake vilikuwa vizima, maana kabla ya ualimu aliwahi kuwa mpiga chapa wa parokia na herufi alizijua kwa kupapasa. Kompyuta aliletewa na binti yake, Mektrida, aliyekuwa akifanya kazi Arusha. Iliwekwa sebuleni chini ya picha ya Bikira Maria, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kazi ya miaka miwili. Baba mkwe wake, Basili, ambaye ukoo mzima ulimwita Meku, yaani mzee, ndiye peke yake aliyebaki anajua majina ya mababu mpaka yule wa kwanza aliyepanda migomba kwenye kihamba chao, shamba la ukoo. Alijua nani alimwoa nani, nani alihama, na watu waligombana kwa nini wakaja kupatana vipi. Mwalimu alimrekodi kwenye kanda, kila jioni akaandika. Juni mwaka huo kiharusi kikampiga Meku Basili, kikachukua mkono wa kulia na ulimi. Kanda zenyewe Mwalimu alikwisha kuwapa kwaya ya parokia warekodie nyimbo, maana maneno yalishaingia kwenye kompyuta na aliona yako salama. Mpango ulikuwa kuyachapa Krismasi, wakati wanaukoo wote wanapopanda kutoka mijini, kila nyumba ipate nakala yake.

Mwalimu alimkaribisha Rogath kwa chai na kiburu cha ndizi na maharage, akamwambia jambo moja tu: mashine imekuwa nzito, naye angependa iwe tayari kwa kuchapa. Kisha akatoka kumkatia ng'ombe majani. Rogath akabaki peke yake na raha yake.

Alibofya kitufe cha kulia juu ya foda iliyotunza maandishi ya ukoo. Mistari kumi na sita. Akaguna. Miwili ilikuwa ya muziki, mmoja wa kukagua virusi ambao muda wake ulishakwisha, mmoja wa kubana mafaili, na mmoja wa kufunga foda kwa neno la siri. Kwenye huo wa mwisho alisita. Aliusoma mara mbili. Mwalimu alikuwa nje, hatua ishirini tu kutoka dirishani, akiimba wimbo wa Majilio kwa sauti ya chini. Rogath angeweza kumwita. Badala yake akajiuliza mjane wa Mkuu ana siri gani ya kufungia kufuli, akacheka peke yake, akaung'oa pamoja na ile mingine. Kisha, kwa kuwa diski ilikuwa ndogo, akaiamuru mashine isiwe inatunza vitu vilivyofutwa kwenye pipa lake la taka. Kikifutwa, kiwe kimefutwa. Hiyo nayo ilikuwa kawaida yake. Orodha ikabaki na mistari kumi na mmoja, mizuri ya kutazama.

Mwalimu hakuuliza kilichoondolewa. Alimshukuru, akamfungia mkungu wa ndizi, akamwambia siku zote alijua atakuwa mtu wa maana.

Zilipita siku nane, simu ikalia. Foda ya ukoo haionekani. Rogath alipanda Mkuu siku iliyofuata bila wasiwasi mkubwa, kwani wazee hupoteza mafaili kila siku na mara nyingi yamehamia tu pembeni. Alimkuta Mwalimu ameketi mbele ya mashine, mikono mapajani, kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Akamweleza polepole. Wajukuu wakija likizo huchezea kompyuta, kwa hiyo Mektrida aliweka kitu cha kuifungia foda. Maandishi yake mwenyewe Mwalimu aliyakuza mpaka ukurasa ukajaa maneno kumi, lakini zile herufi za kwenye orodha hazikukubali kukua, na macho yake hayakuzifikia. Mektrida akamfundisha kuhesabu. Ili kuifunga, abofye kitufe cha kulia, ateremke kwa kitufe cha mshale mara tisa, kama siku za novena ili asisahau, kisha abonyeze Enta. Kadirisha kadogo kakitokea kuuliza, abonyeze Enta tena. Kuifungua, aibofye mara mbili na kuandika neno la siri. Alifanya hivyo kila jioni kwa miaka miwili. Na jioni ile Rogath alipoondoka, aliifungua kazi yake akaisoma mara ya mwisho, akamshukuru Mungu kwamba imekamilika, akaifunga vilevile. Baada ya hapo hakuigusa mpaka alipotaka kuichapa. Siku zote hizo alikuwa akiandika nyimbo za Krismasi za parokia.

"Nilihesabu tisa," alisema. "Au nilidhani ni tisa. Siku hizi sijui tena, mwanangu."

Rogath alishika mausi. Alibofya kitufe cha kulia juu ya foda nyingine, akaanza kuteremka, na midomo yake ikihesabu bila sauti. Alifika tisa. Mstari wa tisa, kwenye ile orodha yake safi, ulikuwa wa kufuta.

Alielewa yote mara moja, kuanzia mistari mitano aliyoing'oa hadi kadirisha kalikouliza kama ana hakika, na bibi asiyeona vizuri akijibu ndiyo, kama alivyofundishwa. Na pipa la taka alilolifunga yeye mwenyewe kwa mkono wake. Maneno yalikuwa mdomoni. Yalikuwa mafupi, hayangechukua hata dakika.

"Inatokea, Mwalimu," akasema.

Hayo ndiyo yaliyotoka. Wala hakudanganya, tukitaka kumtetea; mambo kama hayo hutokea. Lakini yeye alijua alichofanya.

Aliichukua mashine mpaka Kiboriloni, akafunga mlango, akawaambia wateja anaumwa. Siku mbili alihangaika na kila programu ya kufukua mafaili aliyoipata mjini. Nyimbo za Krismasi zilikuwa zimekalia mahali pale pale maneno ya Meku Basili yalipokuwa. Alipata ukurasa mmoja na nusu, majina yaliyokatikakatika katikati ya alama zisizosomeka. Aliurudisha ukurasa huo Mkuu, akakataa kupokea hata senti. Mwalimu akauona huo kuwa wema. Juma lililofuata akamtumia ndizi mshare na lita tatu za maziwa ya mgando, na Rogath akawagawia majirani vyote.

Kisha likaja ombi. Mektrida alikuwa akijilaumu. Alilia kwenye simu kwamba ni yeye aliyeleta mashine mbovu ya mitumba, angejua angenunua mpya. Mwalimu hakutaka binti yake abebe mzigo usio wake. Akamwomba Rogath apande siku ya Krismasi, asimame mbele ya ukoo kama fundi, awaambie kwamba mashine haikuwa na kosa. Rogath alitafuta udhuru wa kila aina. Hakupata hata mmoja ambao angeweza kumwambia mwalimu wake.

Siku hiyo watu walijaa uani, vibuyu vya pombe ya mbege vikizunguka, nyama ikichomwa chini ya migomba. Meku Basili aliwekwa kwenye kiti chenye mito, blanketi mapajani. Mwanawe mdogo, Julius, ndiye aliyekuwa msemaji. Ndipo Mwalimu Margareta akatoka nyumbani akiwa ameshika jani la isale.

Kwetu huhitaji kuelezwa. Mtu akikukosea akakujia na isale mkononi, jani lile refu tunalolipanda mipakani, hana haja ya maneno mengi, na wewe huna ruhusa ya kukataa. Unalipokea, umesamehe, na jambo halitajwi tena. Lakini watu wale hawakuwa wamezoea kumwona mama wa umri ule, mwalimu aliyefundisha nusu yao, akiwa ndiye mwenye jani. Mwalimu alipiga magoti mbele ya mkwewe, akasema amepoteza yote aliyokabidhiwa, kwa uzembe wa mikono yake. Alipomaliza, Julius akamgeukia Rogath, akamtaka fundi aseme kama kosa ni la mashine.

Watu kama arobaini walimtazama. Miongoni mwao kulikuwa na wateja wake saba. Aliwaona mmoja mmoja.

"Mashine ilikuwa nzima," Rogath akasema.

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomchoma zaidi. Mektrida alishusha pumzi. Meku Basili alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akalishika isale, akalivuta kifuani. Machozi yalimtoka jicho moja. Mwalimu akainuliwa, watu wakaanza kuongea tena, na mtu mmoja akamletea Rogath kipande kizuri cha nyama ya mgongo kwa kuwa amesafiri kutoka mbali. Alikishika mpaka kikapoa.

Februari Meku Basili akafariki. Walimzika kihambani. Rogath hakwenda mazishini. Alituma rambirambi kwa mkono wa mtu, akasingizia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa imemgeuka. Sasa alimsomea mteja kila mstari, huu ni wa nini, unautumia, una hakika, niutoe? Foleni ikarefuka mpaka nje, watu wakamtania kwamba fundi wa deki siku hizi anafanya sensa. Wengine wakahamia kwa mafundi wa Pasua. Aliwaacha waende. Alijidanganya kwamba akiuliza vya kutosha, kwa watu wa kutosha, lile moja ambalo hakuuliza litapungua.

Halikupungua. Siku moja ya Kwaresima alimkuta Mwalimu Margareta sokoni Kiboriloni, akinunua vitunguu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa furaha. Mwalimu alimwomba muuzaji ahesabu vitunguu mara ya pili, halafu akamgeukia Rogath akamwomba ahesabu na yeye. Rogath akauliza, ili tu aseme neno, kama bado anaandikia parokia. Mwalimu akacheka kidogo. Kompyuta aliifunika, hajaigusa tangu Krismasi. Hata kuongoza rozari ya jumuiya, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, alikwisha kumwachia mwingine.

"Tisa tu ilinishinda, Rogath," alisema. "Nitawahesabia watu Salamu Maria hamsini? Nitawapotosha wakiwa wanasali."

Alisema bila kujihurumia, kama mtu anayeeleza kwamba paa linavuja. Kisha akachukua vitunguu vyake akaenda. Rogath alibaki amesimama katikati ya watu, akaona aibu ambayo hakuwa ameijua bado. Alidhani alichomnyang'anya Mwalimu ni foda. Kumbe alimnyang'anya imani kwa akili yake mwenyewe, na kila siku aliyonyamaza alikuwa akiendelea kuichukua.

Jumamosi alikwenda kwa mama yake, vijiji viwili chini ya Mkuu, akakata jani moja la isale kwenye ua. Mama yake alimwona, hakuuliza. Njia ile aliipanda kwa miguu mchana kweupe. Ukibeba isale hujifichi. Kila anayepishana nawe anajua kuna mtu umemkosea, anakusalimia kwa upole na kukupisha. Rogath alisalimiwa kwa upole njia nzima, na kila salamu ilimwongezea uzito.

Alimkuta Mwalimu barazani akichambua maharage. Alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Alieleza mistari kumi na sita, mitano aliyoing'oa, ule aliousoma mara mbili akacheka. Alieleza pipa la taka. Alieleza kwamba alijua tangu siku ile aliposhika mausi mbele yake. Hakuacha kitu, maana alishajua kuacha kitu kunavyokuwa. Mwalimu alisikiliza huku vidole vikiendelea kuchambua, kisha vikasimama.

"Kwa hiyo nilihesabu tisa?" aliuliza.

"Ulihesabu tisa, Mwalimu. Ulihesabu sawasawa."

Rogath akadhani Mwalimu atalia au atamlaani, na yote mawili alikuwa tayari. Badala yake alinyoosha mkono akapapasa mpaka akalipata jani, akalipokea. Akasema amemsamehe. Alisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia darasani, na Rogath akasikia kifua kinafunguka kwa mara ya kwanza tangu Majilio.

"Sasa niambie," Mwalimu akasema. "Siku ya Krismasi mzee alikuwa hai, amekaa pale. Kwa nini hukusema?"

 

"Niliogopa wateja, Mwalimu. Walikuwepo saba."

Mwalimu Margareta aliliweka isale juu ya ungo wa maharage. Kwa mara ya kwanza alionekana amechoka.

"Mimi langu nimelipokea, na kwangu limekwisha. Lakini mzee alinisamehe mimi, mwanangu. Wewe hakukusamehe. Hakujua. Alikufa anadhani ni mimi niliyeyatupa maneno yake, na hilo mimi siwezi kulipokea kwa niaba yake."

Akamwambia aende kwa Julius, kisha kwa kila mtu aliyekuwepo uani siku ile, mmoja mmoja, na Mektrida ndiye atakayempa majina yao. Rogath akakubali. Akauliza kama anaweza kupita kihambani kwanza. Mwalimu akamwonyesha njia kwa kidevu.

Kaburi lilikuwa kati ya migomba, udongo wake bado haujakaa vizuri. Rogath alikuwa amekuja na jani moja tu, na hilo lilishapokelewa. Alipiga magoti akiwa mikono mitupu, akamweleza Meku Basili habari yote tangu mwanzo, kwa sauti, kama mtu anayeongea na mzee asiyesikia vizuri. Alipomaliza alisubiri, jinsi mtu anavyosubiri mwenzake anyooshe mkono. Halafu akasimama, akajifuta magoti, akashika njia ya kwenda kwa Julius.